Mama mwalimu yuko kwenye simu usiku: ni masomo, si mambo mengine

Saa nne usiku, katika nyumba nyingi za walimu, vyombo vimeshaoshwa na watoto wamelala, au wanajifanya wamelala. Madaftari ya kusahihisha yamepangwa kwenye kona ya meza. Ndipo mama mwalimu anapochukua simu au kishikwambi, anavaa miwani na kuanza kusoma. Anasoma namna ya kumsaidia mtoto wa darasa la pili anayezijua herufi zote lakini hawezi kuunganisha silabi. Mume yuko chumbani, anaona mwanga wa simu chini ya mlango, na anajiuliza mke wake anachati na nani.

Jambo hili halizungumzwi sana, lakini limeingia katika nyumba za walimu wengi. Zamani mwalimu akienda kusoma aliaga, akafunga begi, akaenda chuoni, na familia ikajua hayupo. Siku hizi anasoma akiwa sebuleni. Kwa macho ya watu wa nyumbani yupo, kwa hiyo wanamwita, wanamtuma, na wanamuuliza chumvi iko wapi.

Tanzania Bara mafunzo yenyewe yanaitwa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Sehemu yake moja hufanyika shuleni, walimu wakikutana kwenye jumuiya za ujifunzaji. Sehemu nyingine ni ya klasta, ambako shule jirani hukaa pamoja. Sehemu ya tatu, ambayo ndiyo inayotuhusu leo, ni ya mwalimu peke yake: anaingia kwenye mfumo wa Taasisi ya Elimu Tanzania kwa simu, kishikwambi au kompyuta, anachagua moduli, anasoma kwa kasi yake, anajibu maswali ya kujipima, anaendelea. Akichoka anafunga. Kesho akirudi anaanzia alipoishia.

Vishikwambi navyo vina historia yake. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vilivyotumika kutuhesabu viligawiwa kwa walimu. Kisha Januari 2024 mitaala mipya ikaanza kutumika kwa awamu, na somo kama Historia ya Tanzania na Maadili likaingia darasani. Mwalimu aliyehitimu chuo miaka 20 iliyopita hakufundishwa kufundisha somo hilo kwa jina hilo wala kwa muhtasari huo. Hawezi kusubiri semina imfikie kijijini, kwa hiyo anasoma usiku.

Wazee wetu walianza na redio

Kuna wanaodhani mwalimu kusoma akiwa kazini ni mambo ya intaneti. Si kweli. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi iliamua kila mtoto aandikishwe shule ifikapo 1977, na walimu hawakutosha hata kidogo. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundisha watoto sehemu ya siku, na wao wenyewe wakasomeshwa ualimu hukohuko vijijini kwa vijitabu vya masomo kwa njia ya posta, kwa vipindi vya redio na kwa kukutana na wakufunzi. Ndio walimu wa UPE, ambao baadaye watu walipenda kuwabeza. Maelfu kwa maelfu walifuzu kwa njia hiyo, na wengi wetu tuliojua kusoma miaka ya themanini tulifundishwa na wao.

Nawataja kwa sababu waliwekewa kitu ambacho mwalimu wa leo mara nyingi hana. Kijitabu hakikuachwa peke yake. Kulikuwa na mtu wa kukisahihisha, saa ya redio iliyojulikana, na siku ya kukutana. Ukimpa mwalimu kishikwambi na neno la siri tu, halafu ukamwacha, umempa pungufu ya alichopewa kijana wa 1976 mwenye koroboi.

Faida ambayo hawaitaji kwenye semina

Ukisikiliza wanaotangaza mafunzo ya mtandaoni, watakwambia yanaokoa nauli na muda. Sawa. Mimi naona faida kubwa zaidi ni nyingine: hakuna anayekuona hujui.

Fikiria mwalimu mwenye miaka 25 kazini. Ni mama wa watu, anaheshimika kijijini, wanafunzi wake wengine sasa ni madaktari. Lakini kugawanya sehemu kwa sehemu hakujawahi kumwingia vizuri. Yeye mwenyewe alikariri kugeuza ya pili halafu kuzidisha, na ndivyo anavyowakaririsha watoto. Kwenye semina hatanyoosha mkono kuuliza kwa nini tunageuza. Mwalimu mkuu yuko pale, na pembeni yake amekaa kijana aliyeajiriwa mwaka jana. Ataandika kwenye daftari, atakunywa soda, atarudi alivyokuja. Usiku, peke yake na kishikwambi, anaweza kuisoma mada ile mara nne. Anaweza kukata chungwa mezani nusu na robo, akahesabu robo ngapi zimo ndani ya nusu, na akaona mwenyewe kwamba ½ ikigawanywa kwa ¼ jibu lazima liwe 2. Hakuna wa kumcheka.

Na lugha vilevile. Kozi nyingi za bure zimeandikwa kwa Kiingereza, na mwalimu wa shule ya msingi anayefundisha kwa Kiswahili kila siku huenda Kiingereza chake kimeota kutu. Akiwa peke yake anafungua kamusi bila haya. Pia vipo vya Kiswahili. Mradi wa TESSA, ulioanza mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kwa kushirikiana na vyuo vya Afrika, kikiwemo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, una vitini vya walimu wa shule za msingi kwa Kiswahili: kusoma na kuandika, hisabati, sayansi, masomo ya jamii na sanaa, stadi za maisha. Kila sehemu ina mifano ya walimu na shughuli za kufanya darasani. Ni bure, na vinaruhusiwa kupakuliwa, kuchapishwa na kugawiwa. Shule isiyo na mtandao inaweza kuchapisha stationeri ya mjini na kuviweka ofisini.

Upande wa pili wa shilingi tuuseme bila kuficha. Semina ina posho, simu haina. Mwalimu aliyezoea kwamba kujifunza kunakwenda na bahasha akiambiwa ajifunze bure, tena kwa bando lake, atakunja uso. Usimlaumu haraka. Posho ile ilikuwa inamalizia ada ya mtoto. Serikali na wafadhili wanaofurahia kwamba mtandao umepunguza gharama wajue kwamba sehemu ya gharama hiyo haikupotea, ilihamia nyumbani kwa mwalimu.

Kenya jambo hili liliwekwa wazi zaidi. Tume ya Utumishi wa Walimu ilipotangaza mpango wake wa kuendeleza taaluma mwaka 2021, ulikuwa wa moduli 6, kila moja ya miaka 5, yaani miaka 30 kwa jumla, na mwalimu alitakiwa kulipa shilingi 6,000 za Kenya kwa mwaka kutoka mfukoni. Vyama vya walimu vilipinga. Unaweza kubishana kuhusu mpango wenyewe, lakini angalau pale mwalimu alijua anadaiwa kiasi gani. Kwetu bando linakatika kimyakimya.

Sekunde tatu tu

Je, usomaji huu wa usiku unafika darasani? Hilo ndilo swali, na jibu lake haliko kwenye cheti. Nichukue jambo moja linalokutwa mara kwa mara kwenye moduli za mbinu za kuuliza maswali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani aitwaye Mary Budd Rowe alisikiliza kanda zilizorekodiwa madarasani. Akapima mwalimu anasubiri muda gani baada ya kuuliza swali. Ilikuwa kama sekunde 1 tu. Baada ya hapo mwalimu anarudia swali, anamchagua mwingine, au anajibu mwenyewe. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yakawa marefu, wasiojibu kabisa wakapungua, na watoto waliodhaniwa wazito wakaanza kuchangia.

Sasa lilete jambo hilo kwetu. Darasa lina watoto 90. Mwalimu anauliza, mikono ya walewale wanne mbele inapaa, wanapiga vidole, mmoja anajibu, mwalimu anasema mpigieni makofi. Kisha anauliza kama wameelewa, na darasa zima linaitikia ndiyooo. Sote tulikaa kwenye darasa hilo. Sote tuliitikia ndiyo bila kuelewa.

Mwalimu akisoma habari ya sekunde tatu saa nne usiku, saa mbili asubuhi anaweza kuijaribu. Haihitaji chaki ya ziada, wala kibali cha ofisa elimu kata. Anauliza, anahesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, ndipo anachagua, tena anamchagua ambaye hakunyoosha. Siku ya kwanza kimya kitamtia wasiwasi, na watoto watatazamana. Wiki ya pili yule wa nyuma kabisa, anayekaa karibu na dirisha, anaweza kufungua mdomo. Kama hatafungua, mwalimu angalau amejua kwamba huyo mtoto swali hakulielewa tangu mwanzo, na hilo nalo ni jambo la kujua.

Tena lijaribu nyumbani. Muulize mtoto wako kwa nini anafikiri mvua inanyesha, halafu nyamaza.

Moduli nzuri ina kitu kimoja cha kujaribu kesho. Ukimaliza kurasa 15 na huna hata kimoja, funga, tafuta nyingine. Mwalimu ana haki ya kuacha kitu kibovu katikati, na hii nayo ni faida ya kusoma kwa kasi yako.

Nyumbani wafanyeje

Turudi kwa yule baba anayeona mwanga chini ya mlango. Wivu wa simu umevunja nyumba nyingi, na si busara kuucheka. Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: mwalimu asomee sebuleni, si kwa kujifunika shuka, na siku ya kwanza amwonyeshe mwenzake anachosoma. Si kama mtu anayejitetea. Amweleze tu kwamba kuna moduli, ina sehemu kadhaa, nataka niimalize kabla shule hazijafungwa. Mume akijua ina mwisho, anavumilia. Kinachomchosha mtu ni kitu kisicho na mwisho.

Na mume naye aangalie saa. Mwalimu mwanamke anaamka saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa kumi jioni, anaanza kupika. Kabla ya MEWAKA alikuwa na andalio la somo na madaftari 90. Akiongezewa saa moja ya kusoma bila kupunguziwa chochote, saa hiyo inatoka kwenye usingizi wake. Siku mbili kwa wiki baba au mtoto mkubwa aoshe vyombo. Katika nyumba ambazo mwalimu ni baba, mara nyingi hilo hutokea bila kuombwa: baba anasoma, nyinyi watoto nyamazeni. Mama akisoma, redio inaendelea kuunguruma.

Bando liingie kwenye bajeti ya nyumba kama mkaa na sabuni, lisitoke kwenye hela ya kusuka ya mama. Linaweza kupunguzwa. Video ndizo zinazokula, maandishi hayali sana. Pakua vitini siku ukiwa mjini au mahali penye mtandao wa ofisi, soma nyumbani bila data. Ambapo mtandao ni wa kupanda kilimani, walimu wawili watatu wanaweza kumtuma mmoja akapakue kwa niaba ya wote, kisha wakarushiana kwa simu. Maswali ya kujipima tu ndiyo kila mtu ajibu mwenyewe.

Kuhusu watoto: kishikwambi cha kazi si cha katuni. Ni mali ya serikali, na kioo kikipasuka mwalimu ndiye atakayeandika maelezo. Wekeni neno la siri, na lisiwe tarehe ya kuzaliwa ya kifungua mimba, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kulijaribu.

Mwalimu mkuu naye ni mwanafunzi

Walimu wakuu na wakuu wa shule wamelemewa kwa namna yao. Wengi waliteuliwa kwa sababu walifundisha vizuri, kisha wakakuta kazi yenyewe si kufundisha. Kuna FFARS ya hesabu za fedha za kituo, kuna NeST ya manunuzi, kuna PREM ya Baraza la Mitihani kwa taarifa za wanafunzi wa msingi, na kila mtumishi ana PEPMIS ya kupima utendaji wake. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, pale Bagamoyo na kwenye kampasi zake za Mwanza na Mbeya, hufundisha uongozi na utawala wa elimu, lakini si kila aliyeteuliwa jana atapata nafasi ya kwenda mwezi huu. Mfumo unamdai leo.

Hapo ndipo huzuka desturi ya hatari. Mwalimu mkuu, au mwalimu yeyote, anakwenda kwa kijana wa stationeri, anampa namba ya utumishi na neno la siri, anamlipa elfu chache, kijana anajaza. Hata moduli za kujifunza kuna wanaofanyiwa: mpwa wa nyumbani anabonyeza majibu hadi yakubali, shangazi anapata alama. Kwenye moduli anajidanganya yeye mwenyewe na watoto wa darasa lake. Kwenye mfumo wa utumishi amempa mtu baki ufunguo wa taarifa zake za kazi, na humo humo ndimo maombi ya uhamisho na mikopo hupitia. Hakuna aibu mtu wa miaka 52 kumwambia mwanawe wa kidato cha tatu amkalishe chini amfundishe kuingia kwenye mfumo. Aibu ndogo ya jioni moja ni nafuu kuliko mkopo usioujua. Ila mtoto afundishe, vidole viwe vya mzazi.

Mwalimu mkuu akiwa na hekima, anaweza kuwasaidia walimu wake bila senti. Mkutano wa jumuiya ya ujifunzaji uwe na dakika 40 za kweli: mmoja aeleze alichosoma, aonyeshe alivyokijaribu, wengine waseme walichokiona darasani mwake. Yeye mkuu aanze, siku ya kwanza, kwa kueleza kitu alichojaribu kikakataa. Akianza kwa kukagua nani amefikisha asilimia ngapi kwenye mfumo, ameua. Watabonyeza tu wafikishe.

Maana kusoma peke yako kunashinda watu, si walimu tu. Katika kozi kubwa huria za mtandaoni zinazofunguliwa kwa watu wote duniani, wanaomaliza mara nyingi hawazidi 15 katika kila 100 walioanza. Si kwamba 85 wale ni wavivu. Hakuna anayewauliza umefikia wapi. Kwa hiyo tafuta mwenzako mmoja, hata wa shule ya pili, mkubaliane moduli moja, na kila Alhamisi mpigiane simu dakika kumi.

Chagua pia unaposomea. Anwani zinazoishia na go.tz ni za serikali na zinazoishia na ac.tz ni za vyuo, anzia huko. Ujumbe wa WhatsApp unaokutangazia cheti cha kimataifa cha ualimu kwa siku mbili, ulipie kwa namba ya mtu binafsi, ufute. Cheti halali cha moduli kitunze kwenye faili lako, na nakala yake kwenye barua pepe, lakini usitarajie kitakupandisha daraja kesho.

Kuhusu wakati wa kuanza, Januari siyo. Ni mwezi wa kuandikisha wanafunzi, kutafuta madawati na kulipa ada za watoto wako mwenyewe. Likizo ya Juni inafaa zaidi: madaftari hakuna, jioni ni ndefu, na moduli moja ya wiki tatu inaisha. Mkubaliane tu mapema nani atakwenda kumjulia hali bibi kijijini, na kama huko kwa bibi kuna mtandao.